Mama Anasema Lugha Yake

"Mama, maziwa ime-spill."

Chibalonza aligeuka kutoka kwenye sinki. Binti yake Ange, mwenye miaka mitatu na nusu, alikuwa amesimama katikati ya jiko, soksi zimelowa, kikombe kitupu mkononi.

"Ime nini?"

"Ime-spill. Mimi siku-push. Yenyewe tu ika-fall."

Chibalonza akacheka mpaka akalazimika kushika ukingo wa meza. Kila siku mtoto alikuja na maneno mapya ya aina hiyo, na kila siku mama yake aliyabeba hadi kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee, akamsimulie Honorine, mwenzake wa zamu kutoka Bujumbura. Safari hii alimwita mumewe.

"Papa Ange! Kuya usikie mutoto wako."

Cirhuza alitokea akifunga kizibao cha kazini, kile cha rangi ya chungwa inayong'aa. Alisikiliza, lakini hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Sema: the milk spilled."

"The maziwa spilled," alisema Ange, akifurahi kwamba baba amechuchumaa.

"The milk."

"The milk ya Ange."

Cirhuza akainuka. "Unaona? Anapotea katikati. Haiko na Kiswahili, haiko na Kiingereza."

"Iko na zote mbili," alisema Chibalonza. "Acha mutoto."

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi mwaka 2020, katika nyumba yao ya kupanga huko Minto, kitongoji cha mji mkubwa wa ugenini ambako watu husema Kiingereza. Cirhuza hakueleza kilichomkera, na mkewe hakujua. Ghalani alikofanya kazi ya kupanga maboksi, wenzake walimpachika jina. Walimwita "Say Again", kwa sababu kila alipofungua mdomo kulikuwa na mtu wa kumwambia aseme tena. Kule Bukavu, alikotoka, alikuwa mwalimu wa historia, mtu aliyesikilizwa na wanafunzi hamsini kwa mpigo. Hapa Minto alijifunza kusema machache na kunyoosha kidole. Juma lile msimamizi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake, alikuwa amemwita kwa jina hilo kwenye kipaza sauti. Ghala zima lilicheka, na Cirhuza naye akacheka ili yaishe.

Alhamisi shule ya chekechea iliomba kuonana na mzazi. Chibalonza alikuwa na zamu, kwa hiyo Cirhuza alikwenda peke yake, amevaa shati la kanisani. Walimkalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kifuani, akazungumza na mwalimu kwa dakika ishirini. Jioni mkewe alimkuta sebuleni, televisheni imezimwa.

"Mwalimu amesema nini?"

"Anasema mutoto anachanganya."

"Ile tunajua."

"Anasema imefika mbaya. Ku masomo hawamwelewi akiomba kitu." Alisugua viganja vyake. "Donc, tuache Kiswahili ndani ya nyumba. Kiingereza tu."

Chibalonza aliketi bila kuvua viatu. "Tuache kabisa?"

"Kabisa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Kiingereza ikae muzuri. Nyuma ya pale, Kiswahili itarudia."

"Na mimi nitamwambia nini? Kiingereza yangu ni ya kuogesha wazee."

"Ni Kiingereza," alisema Cirhuza.

Chibalonza alikuwa mtu wa kuheshimu walimu. Aliachia shule darasa la sita, na baadaye akaolewa na mwalimu. Alitazama mlango wa chumba ambamo Ange alikuwa akimfokea mwanasesere wake kwa lugha zote mbili, akasema sawa. Kama mwalimu ndiye aliyesema, sawa.

Wiki mbili baadaye mji ukafungwa kwa sababu ya korona. Maghala hayakufungwa, wala nyumba za wazee. Chekechea iliwaomba wazazi wabaki na watoto kama wanaweza, na Cirhuza na mkewe wakajipanga: mmoja akitoka, mwingine anaingia. Kiingereza ambacho Ange alipaswa kukipata kwa walimu kikabaki kile cha kutoka kwenye kompyuta kibao na kwa watu wawili waliochoka.

"Lift your arm, darling," Chibalonza alimwambia bafuni. "Other arm. Good girl. All done."

Yalikuwa maneno ya kazini. Alikuwa nayo mengine: unasikia baridi, panauma wapi, chakula kinakuja, binti yako atakuja Jumapili. Baada ya hapo ghala lake la maneno lilikuwa tupu. Kwa Kiswahili alikuwa mwanamke mwenye mdomo. Alijua kutania, kugomba bila hasira, kumpa mtoto majina kumi kwa siku na kuanza hadithi pale pale alipokuwa akimenya viazi. Kwa Kiingereza hakuwa na utani hata mmoja.

Mwanzoni Ange alimfuata na Kiswahili chake chumba hadi chumba.

"Mama, kwa nini una-talk hivyo?"

"English, darling."

"Lakini mimi nina-want ile story ya viazi."

"Later, darling."

Viazi alivyokuwa akivisimulia vilikuwa na baba mkali, na mjomba aliyekataa kumenywa. Chibalonza hakujua mjomba asiyetaka kumenywa anasemwaje kwa Kiingereza. Alimenya kimya. Baada ya majuma machache Ange hakuomba tena, akawa anakaa na kompyuta yake kwenye zulia, mbele ya watu wengine waliojua kusimulia.

Kufikia katikati ya mwaka mtoto alisema, "Where is my kikombe?" na "I'm not tired, sitaki kulala." Kufikia Krismasi yalibaki majina tu: maji, simu, pole, njoo, yakielea ndani ya Kiingereza kilichonyooka. Mwaka uliofuata hata hayo yakapungua. Bibi yake wa Bukavu akipiga simu kwa video, Ange alipunga mkono na kutabasamu, kisha akamrudishia mama yake simu. Hakuna aliyeandika tarehe ambayo alitamka sentensi yake ya mwisho ya Kiswahili. Huenda ilikuwa siku ya kawaida, mama yake akiwa anatafuta soksi.

Cirhuza alifurahi. Ibada zilipokuwa za mtandaoni, Ange alisoma mstari wa Zaburi, na Muriuki, Mkenya aliyekuwa akiongoza ibada kutoka nyumbani kwake Parramatta, akasema mbele ya watu wote, "Haki huyu msichana anaongea kama Aussie, mzaliwa wa hapa kabisa! Hongera, Baba Ange." Cirhuza alitembea na maneno hayo juma zima. Hata ghalani, alipoambiwa aseme tena, hakuumia kama zamani.

Lakini Ange sasa alikuwa amefika mahali pa kumsahihisha mama yake. "Not he, Mummy. She. The lady is a she." Alisema hivyo dukani, mbele ya mwanamke wa kaunta, bila ubaya wowote, na mwanamke wa kaunta akamtabasamia Chibalonza kwa huruma. Chibalonza naye alitabasamu chini ya barakoa, ingawa hakuna aliyeona. Tangu siku hiyo alianza kuhesabu maneno yake akiwa na mtoto. Nyumba yao ikatulia, utulivu wa nyumba ya wazee baada ya chakula.

Agosti 2021 vitongoji vya upande wa Campbelltown, Minto ikiwamo, viliwekewa masharti makali kuliko sehemu nyingine za mji. Polisi walipita na magari wakiuliza watu wanakwenda wapi. Cirhuza aliupata ugonjwa ghalani. Siku ya sita midomo yake ilikuwa ya kijivu, wahudumu wa gari la wagonjwa wakaja kumpeleka hospitali. Chibalonza alipimwa, akakutwa naye anao. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na hakuwa amemwambia Ange, kwa sababu alipoteza moja kabla na alitaka kwanza ipite miezi mitano.

Waliachiwa kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Kila asubuhi muuguzi alipiga simu kuuliza namba. Chibalonza alimsomea namba, akasema "I'm okay, thank you," kwa kuwa hayo ndiyo aliyojua kuyasema bila kukosea.

Siku ya nne, Jumanne mchana, alijaribu kuinuka aende chooni. Alifika katikati ya chumba tu. Alianguka ubavu, shavu likagusa zulia, na pumzi ikawa inaingia nusu tu.

"Ange!"

Mtoto alikuja hadi mlangoni na kusimama pale alipoambiwa asipite. Mkononi alikuwa na biskuti.

Chibalonza alitafuta Kiingereza. Alitafuta hata kile cha bafuni, cha inua mkono, cha mkono wa pili. Hakikuwepo. Kilikuwa kimefutika chote na homa, kimebaki Kiswahili, na chini yake Kimashi, lugha ya mama yake.

"Leta simu, mama. Simu. Haraka."

Neno hilo, simu, Ange alilijua. Alikimbia akaileta, akaiweka chini karibu na uso wa mama yake na kurudi nyuma. Chibalonza aligusa kioo, vidole vikateleza. Akagusa tena. Ange alimtazama kidogo, kisha akaichukua. Chekechea walikuwa wamefundishwa: mtu mzima akianguka, piga namba ya dharura, sifuri tatu. Alibonyeza sifuri tatu, na sauti ya mwanamke ikajaa chumbani.

Ange aliongea naye kwa Kiingereza kizuri, kwa sauti ileile anayoitumia kwa walimu. Alisema jina lake. Alisema mama yake yuko chini na hawezi kuamka. Namba ya nyumba na jina la mtaa alivijua pia.

"Anapumua?" aliuliza mwanamke.

"Ndiyo. Kwa kelele."

"Umefanya vizuri sana, mpenzi. Gari linakuja. Muulize mama anaumwa wapi."

Chibalonza alielewa kila neno. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye kuliko maumivu: kwamba alielewa kila neno, na hakuweza kurudisha hata moja.

"Mwambie nina mimba," alisema. "Miezi minne. Mwambie mtoto yuko tumboni."

Ange alimwangalia mdomo.

"Mama anasema nini?" iliuliza sauti.

"Sijui."

"Namsikia anasema kitu. Hebu msikilize tena."

"Mtoto, Ange," alisema Chibalonza. Alijaribu kuuleta mkono tumboni, mkono ukakataa. "Mwambie mtoto. Wasinipe dawa bila kujua. Mtoto."

Uso wa Ange ukachangamka. Hilo neno alilikumbuka. "Anasema 'mtoto'," aliiambia simu. "Mtoto ni mimi. Ananiita tu."

"Na hayo mengine?"

Ange alitafuna mdomo wake wa chini. Alitaka kujibu vizuri, maana alikuwa akisifiwa.

"Hayo sijui. Mama anasema lugha yake."

Mwanamke wa simu alimwambia akafungue mlango wa mbele. Chibalonza alisikia miguu midogo ikienda, kisha mnyororo wa mlango ukigonga na kugonga. Mtoto alikuwa haufikii. "Kokota kiti!" alijaribu kupaza sauti. "Panda juu ya kiti!" Kutoka kule akasikia Ange akilia na kusema kwa Kiingereza, "What, Mummy? What?" na mnyororo ukaendelea kugonga hadi wahudumu walipofika na kuukata.

Walimtoa nje juu ya machela, wamevaa mavazi ya plastiki kuanzia kichwani. Ange alisimama ngazini na soksi zake, biskuti bado mkononi. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa dirishani akirekodi kwa simu.

Kwa saa tatu hospitalini hakuna aliyejua kwamba mgonjwa ana mimba. Walimpiga picha ya kifua bila kumfunika tumbo. Majibu ya damu yalipokuja, daktari kijana alisimama karibu na kitanda na kuuliza, si kwa ukali, kwa nini hakuna mtu aliyesema. Aliuliza mara mbili. Chibalonza, mwenye mpira wa hewa puani, aligeuza uso ukutani. Angemwambia nini? Kwamba alisema?

Mapigo ya mtoto yalipatikana. Hayo aliyasikia.

Ange alikuwa kwa Honorine huko Macquarie Fields. Watu wa ustawi wa jamii walikuta namba yake imebandikwa kwenye jokofu, wakampigia, akamchukua mtoto bila kuuliza kama na yeye ataambukizwa. Siku ya tano, Chibalonza alipoweza kushika simu, Honorine alimpigia.

"Pole, Mama Ange. Mutoto iko muzuri, anakula. Mais nikuulize. Juu ya nini hasikii Kiswahili?"

Chibalonza alihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Nikimwambia osha mikono, ananiangalia. Nikimwambia kaa ule, ananiangalia. Jana nimemkuta nyuma ya mlango analia, nikamuuliza unalilia nini, akanijibu mambo mingi, mingi sana, na Kiingereza yangu unaijua. Tumebaki tunaangaliana tu. Nimemubeba, basi."

"Mwalimu wake alisema tuache. Alisema anachanganya."

"Mwalimu gani?" Sauti ya Honorine ilipanda. "Bana yangu wote wamechanganya! Kijana yangu Venant alikuwa anaweka Kirundi, Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, na leo iko ku université. Ule mwalimu amekuibia mutoto."

Chibalonza alilala na neno hilo. Kwa siku kumi zilizobaki hospitalini, kila alipopata pumzi, alitunga sentensi. Aliomba kalamu kwa muuguzi. Alitaka iwe ya Kiingereza safi, isiyo na he mahali pa she, ya kusema mbele ya mwalimu yule bila kutetemeka.

Katikati ya Oktoba masharti yalilegezwa. Cirhuza alikuwa amerudi nyumbani mapema kuliko mkewe, amekonda, akipanda ngazi tatu anapumzika. Asubuhi moja alimkuta Chibalonza kwenye kioo cha ukumbini amevaa gauni la kitenge, tumbo sasa likionekana wazi, anafunga barakoa.

"Unaenda wapi?"

"Ku masomo ya Ange. Kwa mwalimu."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia." Alitoa karatasi mkobani. Hakuihitaji, alikuwa ameikariri. Alisema kwa Kiingereza, polepole: uliniambia niache lugha yangu, niliacha, siku niliyokuwa nakufa mtoto wangu hakunielewa. Kisha kwa Kiswahili: "Iko sawa? Sijakosea?"

Cirhuza aliitazama ile karatasi. Ange alikuwa kwenye kochi, akipaka rangi kitabuni.

"Nimeuliza kama nimekosea, wewe mwenye kujua."

"Usiende," alisema Cirhuza.

"Nitaenda."

"Mama Ange, usiende. Hakusema vile."

Chibalonza alishusha barakoa hadi kidevuni.

"Hakusema vile," Cirhuza alirudia. Alikuwa ameegemea ukuta, na haikujulikana kama ni mapafu au ni kingine. "Alisema Ange iko na akili. Alisema watoto wa lugha mbili wote wanachanganya, ni kawaida, haiko ugonjwa. Kidogo kidogo watatenganisha beneye, bila mutu kuwafundisha. Alisema... alisema tumuongeleshe Kiswahili mingi. Kiingereza atapata huku inje. Alinipa na karatasi ya kusoma na wewe."

"Karatasi iko wapi?"

"Niliitupa. Ku gare, pale treni zinasimama Minto."

Chibalonza alikaa juu ya sanduku la viatu. Kwa muda mrefu alifanya kazi moja tu, ya kukunja karatasi yake mwenyewe mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikakataa kukunjika.

"Juu ya nini?" alisema mwishowe.

Hapo ndipo Cirhuza alipomwambia jina alilopewa ghalani. Alimwambia kuhusu kipaza sauti. Alimwambia kwamba siku ile, juu ya kile kiti kidogo, mwalimu naye alimwomba arudie, mara tatu, kwa upole, na kwamba upole ule ulimchoma kuliko vicheko. "Nikasema mutoto wangu hapana. Hakuna mutu atamwambia aseme tena. Hata mara moja."

"Miaka yote hii nimelala na wewe sikujua ile jina."

"Ningekuambiaje?"

"Na juu ya nini hukusema ni wewe unataka? Juu ya nini ulisema ni mwalimu?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," alisema Chibalonza.

Machozi yalikuwa yakimtoka Cirhuza bila sauti, yakiingia ndevuni. Ange aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu. Alikuwa amesikia kila kitu na hakuelewa chochote isipokuwa nyuso zao.

"Mummy, why is Daddy crying?"

Waligeuka wote wawili. Kila mmoja alimngoja mwenzake.

"Daddy tired, darling," alisema Chibalonza.

Hakumwacha mumewe. Watu waliodokezwa habari hiyo kanisani walitarajia kelele, hawakuzisikia. Alichoacha ni kumpa mumewe maneno yake amtafsirie. Kwenye kliniki ya wajawazito aliomba mkalimani wa simu, mtu wa Dar es Salaam aliyesema Kiswahili cha redioni, hata ikambidi Chibalonza naye amwombe arudie. Barua zikija alizipeleka kwa Honorine, wakazisoma pamoja kwa kamusi, jambo lililochukua mchana mzima. Cirhuza aliziona zikitoka nyumbani na kurudi. Mara moja alisema, "Leta nikusaidie." Chibalonza alijibu, "Asante, Papa Ange," na kuiweka barua mkobani.

Kiswahili walikirudisha siku ileile, wote wawili, kwa pupa. Ange aliziba masikio. Mezani, baba yake alipomwambia "lete chumvi," alisema, kwa Kiingereza, "Ongea kawaida." Alidhani wanamsengenya. Siku nyingine alijaribu. Alisema "asante" na "lala salama" kwa matamshi ya kizungu, wakampigia makofi, na makofi yale yakamwaibisha, akaacha. Cirhuza alimnunulia kitabu cha picha chenye majina ya wanyama. Walifika kwenye twiga, wakaishia hapo.

Mtoto wa pili alizaliwa Januari, mvulana, wakamwita Moïse. Mwanzoni mwa Februari Ange alianza shule kubwa, na sare iliyomzidi mabega. Katika juma la tatu alirudi alasiri moja akiwa na baba yake, akavua viatu mlangoni na kuja hadi chumbani, ambako mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akinyonyesha.

Chibalonza hakumwona. Alikuwa akiongea na mtoto.

"Wewe, kajizi kangu, unanyonya hivi nani anakukimbiza? Ah? Polisi wako inje? Kunywa pole pole, mzee, hakuna mutu atakunyang'anya. Angalia macho! Anafunga moja, moja ananichunga nisitoroke. Nitaenda wapi mimi, na meno hauna, utakula nini? Utaenda kuomba kwa Mama Honorine, atakupa sombe na pilipili, utalia, utasema wapi mama yangu, na mimi nitakuwa pale nyuma ya mlango nakucheka."

Alicheka mwenyewe. Cheko lilimtoka tumboni, na Ange, ambaye hakukumbuka kulisikia, alisogea hatua mbili ndani.

"Unamwambia nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

Chibalonza aligeuka. Alimwona binti yake na begi kubwa mgongoni, akisubiri. Alianza kutafuta. Kajizi. Mwizi kwa Kiingereza alimjua, lakini mwizi tu, wa polisi, hakuwa kajizi. Kuchunga alijua kwa ng'ombe. Sombe, yale majani ya muhogo, haina jina. Alipanga neno moja, akaliondoa, akapanga jingine.

"I say, drink slowly," alisema.

Ange alisubiri yaliyobaki.

"Hiyo tu? Lakini umeongea sana."

"That's all, darling."

Ange alimtazama mdogo wake akinyonya. Alimgusa kisigino kwa kidole kimoja.

"Na mimi ulikuwa unaniambia hivyo? Yale marefu?"

"Yes. You also."

"Mimi nilikuwa nafanya nini?"

"You answer me," alisema Chibalonza. "Long, long. You don't stop."

Ange aliangua kicheko. Alidhani kwamba mama yake, kwa mara ya kwanza, amejaribu utani kwa Kiingereza, na akataka kumtia moyo.

"That's funny, Mummy," alisema, akampapasa bega, akaenda kumtafuta baba yake ampe tufaha.